Mzee, Usimwogeshe!

Hivi jamani, mtu akikuta kitu kimechakaa akataka kukipiga picha hivyohivyo kilivyochakaa, kosa lake nini? Nijibuni, maana nimetoka mashambani huko suruali imejaa miiba na roho imejaa hasira.

Starehe yangu ni moja tu. Wengine wana mpira, mimi nazunguka vijijini kutafuta vitu vilivyopitwa na msimu: bango la uchaguzi uliokwisha zamani, mgombea kabaki nusu sura na bado anaahidi, trekta lililoota nyasi mpaka kwenye usukani, sanamu ya kutishia ndege kwenye shamba lililokwisha vunwa, inalinda hewa. Sigusi, sichukui, napiga naondoka zangu. Shughuli ya kiungwana kabisa.

Jua la utosini halifai, kwa hiyo unaamka gizani kuwahi ule mwanga wa asubuhi unaokuja ubavuni na kuonyesha kila ufa. Umande, mbwa, hayo nimezoea.

Sasa leo. Nikamwona Baba Krismasi wa plastiki juu ya paa la banda, na Krismasi yenyewe wala haipo karibu. Jua limemmaliza, si mnajua nyekundu ndiyo hutangulia kupauka, kabaki na kapinki kamechoka, pua hana, ndevu zimeota ukoga, na sikioni manyigu wanaingia na kutoka kwa zamu. Uzuri ulioje! Nikapiga kamoja ka kujaribu, nikapiga goti kwenye umande nipate ka maana, nikabana pumzi…

"Kijana, umetumwa na watu wa ardhi?"

"Shikamoo mzee wangu. Hapana, nampiga picha huyo tu."

"Huyu? Akiwa hivi?" Akanihurumia kabisa. "Ngoja."

Nikasema mzee usisumbuke, akasema kwake hakipigwi picha kitu kichafu. Ikaja ngazi, ikaja ndoo ya sabuni, ikaja brashi. Akaanza na ndevu. Mzee, ukoga huo ndio nimeufuata! Hasikii, anasugua, akafika sikioni. Manyigu wakatoka wote, mzee kashuka bila kutumia ngazi, tukatimua mbio mimi na yeye na yule mbwa aliyekuwa ananibwekea tangu alfajiri, leo tumekuwa ndugu. Nikajua yamekwisha. Thubutu! Karudi na kopo la rangi, ya bluu. "Nyekundu imekwisha," anasema, na tayari ameshapaka tumbo lote. Halafu akaita nyumba nzima, wakabadili nguo, wakajipanga mbele mpaka Baba Krismasi akapotea, kinachoonekana ni ndoo. "Haya, piga." Nikapiga. Anazitaka kwenye karatasi, kubwa, kila mtu na yake!

Na simu nayo, ile picha niliyowahi kabla ya sabuni, nafungua nyumbani nakuta imemlainisha uso! Nyufa hakuna, anang'aa utadhani bwana harusi. Nani kakuomba? Natafuta setingi niizime, inaniambia memori imejaa. Imejaa nini kama si video za grupu la ukoo, mtu anatuma harusi nzima kuanzia watu wanapopanga viti, na ukifuta tu anakupigia kuuliza ile sehemu yake ya kucheza umeionaje. Na chaja yangu nani kaichukua humu ndani?