Mzee kastaafu, ofisi imebaki bubu

Mzee wetu wa hati alipostaafu, sisi vijana wa ofisi ya uwakala wa forodha, pale karibu na bandari ya Kilindini, Mombasa, tulimpikia pilau tukampa na kanzu. Jumatatu yake kontena la vipuri likakwama bandarini. Kumbe yeye peke yake ndiye aliyejua vipuri vile huingia namba gani ya ushuru, na kwamba mteja yule alishawahi kupigwa faini kwa kosa lilo hilo. Hakuna aliyeandika popote. Gharama za kuhifadhi mzigo zikapanda kila kukicha, bosi akatufokea sisi. Tulipompigia mzee simu kwao Msambweni, alicheka: "Mbona hamkuniuliza nikiwa hapo?"

Sasa niko Rotterdam, mwaka wa sita, kwenye ghala la mizigo. Hapa kwetu kazini, mtu akiaga, anayemrithi hukaa naye ubavuni wiki kadhaa, na msimamizi huwapunguzia kazi nyingine ili wapate nafasi. Si kwamba Waholanzi wana akili kutushinda. Ni kwamba msimamizi naye hupimwa kwa hilo.

Kwetu Kenya ukitaja usimamizi wa maarifa, yaani kutunza na kurithishana ujuzi wa kazi, mkuu hukimbilia kununua kompyuta. Programu zimekuja na kupita. Forodha imetoka mfumo wa kompyuta wa Simba ikaingia ule wa iCMS, na bado karani mmoja ndiye anayejua njia za mkato. Kiwango cha kimataifa cha mambo haya, ISO 30401 cha mwaka 2018, kina sehemu nzima juu ya uongozi, maana jambo hili si la kompyuta peke yake. Serikalini ndiko ninakoshangaa zaidi: umri wa kustaafu ni miaka 60, tarehe yajulikana tangu siku mtu anapoajiriwa, na bado siku ikifika watu huhangaika kama waliofiwa ghafla.

Karani simlaumu. Akishafundisha, kiti chake kitakuwa salama kwa lipi? Hajawahi kumuona aliyefundisha akapandishwa cheo. Mimi mwenyewe nilikuwa na daftari langu la ushuru, nikalifungia kwenye mtoto wa meza, na ufunguo nikatembea nao.

Huku nako si peponi. Wanaandika mno, makabrasha tele, na mengi hayana msomaji. Wala hawana baraza. Jioni moja ya kahawa tungu pale Makadara, Mombasa, mawakala wa forodha huambizana mambo ambayo hutayasikia kwenye kikao chochote. Nahodha wa jahazi hafundishi kwa karatasi. Kijana hupanda chomboni akatazama. Tatizo ni kwamba bosi hafiki barazani, na kazini hamweki kijana karibu na mzee.

Juzi kijana aliyeshika nafasi yangu alinipigia. Kakwama, tena kwa vipuri. Nikalitoa lile daftari, maana nilihama nalo, nikapiga picha kurasa zote 43, nikamtumia. Akashukuru sana, kisha akaniomba nisiwaambie wenzake kwamba anazo.