Zambarau ya Mabibi

Piko niliiacha kwa amri ya daktari. Nilipaka Ijumaa jioni, Jumamosi nikaamka macho hayafunguki, masikio yamevimba, na shingo inawasha mpaka nikawa najikunia kwenye fremu ya mlango. Daktari aliniangalia nywele kabla ya kuniangalia uso. Akasema ni ile kemikali ya PPD inayotia weusi rangi nyingi za nywele. Mwili ukishaikataa, kila ukirudia unavimba zaidi ya mara iliyopita. "Mama, chagua," akasema. "Nywele nyeusi au macho."

Nikachagua macho. Nikanyoa, na zilizoota zikaota nyeupe zote, bila hata moja nyeusi ya kunisindikiza.

Mvi zenyewe sikugombana nazo. Kilichonigeuka ni kabati. Miaka yote nimekuwa mtu wa rangi za udongo: ugoro, kaki, kahawia, maziwa. Zilinikaa, na fundi wangu alikuwa akinishonea bila hata kuniuliza. Sasa kila nikivaa napewa pole. Nilikwenda msibani kwa jirani na gauni langu la rangi ya maziwa, watu wakampita mfiwa wakanishika mkono mimi. "Jikaze bibi, ni kazi ya Mungu." Mfiwa mwenyewe akaja kuniuliza kama nimekula.

Na hilo "bibi" lilianza ghafla. Konda ambaye hadi juzi ananiita anti alipaza sauti gari zima, "Mpisheni bibi hapo!" Kijana akainuka. Sitasema nililalamika. Mbagala mpaka Kariakoo kwa foleni ile, kiti ni kiti.

Wifi yangu anauza vipodozi, na kwa mambo ya rangi haombi ushauri kwa mtu. Alikuja nyumbani saa nne asubuhi, akanisimamisha dirishani na kioo mkononi, akawa ananishikia nguo chini ya kidevu, moja baada ya nyingine. Taa za dukani, anasema, ni za kuuzia tu. Rangi utaijua kwa mwanga wa mchana.

"Wifi, zamani nywele zilikuwa nyeusi, zinakuchorea uso. Sasa huko juu kumepauka. Ukivaa na ugoro huku chini, uso utashika wapi?"

Akaniwekea kaki. Nikatazama kwenye kioo, nikaona miwani tu. Akaitoa, akanitundikia kanga nyekundu ya binti yangu, na mara nikatokea, na nyusi zangu na kila kitu. Mwanangu aliyekuwa anapita akasema, "Mama, umepona?" wakati sikuwa nimeumwa.

Wifi akaendelea kuhukumu. Rangi ya maziwa ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mvi zikipigwa na jua na moshi wa jikoni zinaingia umanjano kidogo, na maziwa yanautangaza. Nyeupe pee, ruksa. Bluu iliyokolea, kijani cha mgomba, nyekundu, zambarau, ruksa. Kijivu nivae siku nina hereni kubwa na lipstiki, la sivyo nitafanana na ukuta usiopakwa rangi. Nguo za ugoro akazifunga kwenye shuka, akaondoka nazo. Nimeshaiona sketi yangu mara mbili mwilini mwa mdogo wake, na inampendeza, sina la kusema.

Nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Uhuru. Muuzaji akanitazama kichwa, akavuta jora moja. "Mama, hii damu ya mzee itakutoa."

"Uzee ninao tayari, damu yake nipeleke wapi?"

Nikachukua lesi ya zambarau, ile iliyokolea yenye maua yanayometa. Nilitoka nayo nje juani kwanza, wifi angejivunia. Fundi alipoipokea aliigeuzageuza, akaniuliza, "Hii sare ya kamati gani?"

"Si sare," nikamwambia. "Ni yangu mwenyewe."

Gauni lilikuwa la kwenda harusini. Mfanyakazi mwenzangu alikuwa anaoza kijana wake, watu wa Marangu hao, na nilishamaliza mchango wangu, kadi ya single, ya mtu mmoja. Ukumbi Sinza. Kadi imeandikwa saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo nikafika saa mbili usiku, kwa wakati.

Mlangoni kulikuwa na dada wa kamati, karatasi mkono mmoja, simu mkono wa pili, jasho linamtiririka. Akanitazama kichwa. Akatazama gauni. Akarudi kichwani.

"Jamani asante Mungu! Shikamoo bibi! Basi limewasumbua njiani?"

"Marahaba mwanangu, ila mimi..."

"Utapumzika mbele bibi, wenzako wameshapanga mstari."

Nilishikwa mkono namna ya kushikwa mtu anayevushwa barabara. Nikageuzwa kona, na hapo nikawakuta wanawake wanne wazee, kila mmoja na kilemba chake, wote ndani ya lesi ya zambarau. Iliyokolea. Yenye maua yanayometa. Jora lilelile.

Nikafungua mdomo nijieleze, na matarumbeta yakaanza. Watu wanaosema "ungekataa tu" hawajawahi kupigiwa tarumbeta sikioni. MC akanguruma, "Mabibi wa bwana harusi hao, kutoka Marangu!" Milango ikafunguliwa, ukumbi mzima ukasimama, simu juu. Nilicheza. Mtu wa Tanga ukimpa ngoma atacheza, hata kama harusi si yake.

Unaweza kujiuliza wale wazee hawakuona kuna mgeni katikati yao. Waliniona vizuri sana. Wa upande wa baba walijua mimi ni wa upande wa mama, wa upande wa mama wakajua ni wa upande wa baba, na kwa adabu ya wakwe hakuna aliyethubutu kuuliza. Bibi aliyeketi kulia kwangu akanisemesha Kichaga kirefu. Nikajibu, "Eeh." Akasikitika, akanipapasa goti. Nikaona jibu limekaa vizuri, nikasema tena, "Eeh." Baadaye mjukuu wake alinieleza kwamba aliniuliza kama yule ng'ombe wangu ndiye aliyekufa, na kama mzee naye yuko hoi.

Ikaja keki. Maharusi wakapiga magoti mbele yetu, mmoja baada ya mwingine. Bibi harusi alinilisha huku amefumba macho kwa unyenyekevu. Bwana harusi yeye aliyakodoa. Unamwona kabisa anapitia ukoo mzima kichwani, Krismasi zote alizopelekwa kijijini, na hanipati. Lakini kamera zipo, akanilisha. Kisha ikaletwa zawadi ya mabibi, kila mmoja anavishwa blanketi mabegani. Langu lilikuwa la ugoro. Wifi yangu angezimia.

Hapo ndipo mwenzangu aliponiona kutoka meza kuu. Alinitazama, akatazama blanketi, akainama chini ya meza eti anatafuta kiatu. Hakuinuka kwa muda mrefu, ila mabega niliyaona yanatikisika.

Sasa bibi mwenyewe wa tano alikuwa wapi? Alikuwa ndani ya ukumbi tangu saa moja. Ana miaka 80 na ushei, lakini kabla ya safari wajukuu walimpaka piko, tii, wakamsuka mabutu. Yule dada wa mlangoni aliona zambarau, akaona na weusi wa kichwani, akamwambia, "Dada, kamati ya mashangazi mnakaa kule nyuma." Mtu wa umri ule akiitwa dada hadharani, wewe unadhani atasahihisha? Alikwenda kule nyuma, akakuta kiti kimoja kitupu kwenye meza ya single. Kiti changu. Akaletewa bia ya baridi, akaletewa na paja la kuku.

Wakatumwa vijana wawili kwenda kumchukua. Wakarudi mikono mitupu.

"Bibi anasema hatoki," mmoja akamnong'oneza mwenzangu, mimi nikiwa palepale. "Anasema huko mbele hotuba ni ndefu. Anasema yule aliyekaa anatosha."

MC hakuwa na habari. Alikuja na kipaza sauti, akapiga goti la mbwembwe. "Sasa bibi yetu huyu mwenye mvi za busara atupe neno moja tu kwa maharusi."

Ukumbi ukanyamaza. Bibi wa kulia akanisukuma kiunoni. Nikasimama na blanketi langu.

"Wanangu," nikasema, "mpendane. Na nguo msinunue usiku."

Walipiga makofi mpaka matarumbeta yakaitikia. Mzee mmoja meza ya mbele akamfafanulia jirani yake kwamba hilo ni fumbo la zamani, kwamba nguo hapo ni mke.

Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ilipokatwa nilipewa kipande cha mabibi, na niseme ukweli, kipande cha meza ya single hakifiki hata nusu yake. Saa sita usiku nikamfuata bibi kule nyuma kumkabidhi blanketi. Alilipokea, akalipiga jicho, akalikalia. Kisha akaninyooshea mkono kichwani, akazipekua mvi zangu hadi kwenye ngozi.

"Hii nyeupe wanapaka saluni gani?"

Nikamwambia haipakwi, nikamsimulia habari ya piko, kemikali yake, macho yangu yalivyofunga siku mbili. Nikamsihi aachane nayo.

"Mimi macho yalishafunga zamani," akasema. "Niachie nywele."

Wiki iliyopita mwenzangu amenipigia simu. Yule kijana wake wa pili naye anaoa, mwezi wa kumi na mbili, safari hii hukohuko Marangu. Mchango hataki.

"Kamati imekaa," akasema. "Mabibi wanavaa bluu, na wewe tumekuhesabu. Fundi ana vipimo vyako?"

"Anavyo," nikamjibu. "Bluu gani?"