Mwanangu Hana Namba

Jumapili iliyopita mama alipiga simu. Baada ya salamu, na baada ya kuuliza kama baridi imepungua, akafika kwenye jambo lake: "Ripoti ya mjukuu wangu imetoka? Kashika namba ngapi?"

Nikamwambia imetoka, ila huku hawatoi namba.

"Hawatoi namba?" Akanyamaza kidogo. "Sasa wewe unajuaje kama anasoma?"

Nina mtoto wa miaka mitano katika shule ya Montessori hapa Uholanzi, yaani shule ambako mtoto hujichagulia kifaa cha kujifunzia na kwenda kwa mwendo wake. Ripoti yake ninayo mkononi, kurasa nne, na sikuwa na jibu. Ripoti inasema anapenda kumimina maji. Inasema siku hizi anafunga vifungo vyote bila msaada, anamsubiri mwenzake amalize ndipo achukue kifaa, anahesabu mpaka 40 akiwa ametulia na mpaka 20 akiwa na haraka. Hakuna A, hakuna asilimia, hakuna ule mstari wa chini tuliouzoea: "Amekuwa wa ... kati ya ..." Nilijikuta naigeuza karatasi nyuma, nikidhani labda wameiandika huko.

Siku ya kufunga shule mnaijua, sina haja ya kuieleza. Mimi darasa la pili nilikuwa wa 61 kati ya 74. Nilisomwa hadharani, na mama yangu, aliyekuwa akifundisha darasa la kwanza shule hiyohiyo, alikuwa amekaa kwenye benchi la walimu. Hakunichapa. Alitazama viatu vyake, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Muhula uliofuata mwalimu mwingine akanihamishia dawati la mbele na nikawa wa 9. Nilikuwa sioni ubao, basi. Ile 61 iliwaambia watu wote mimi ni kilaza, lakini kuhusu macho yangu haikusema kitu.

Ndiyo maana nilipoambiwa huku mtoto anakwenda kwa mwendo wake, nilishangilia. Ila kushangilia jambo kwenye kikao cha wazazi ni kitu kimoja, kuishi nalo nyumbani ni kitu kingine.

Waliniruhusu kukaa darasani asubuhi moja kwa sharti la kutosema neno. Watoto wa miaka minne, mitano na sita wako chumba kimoja. Kila mmoja ana shughuli aliyoichagua, na wao wenyewe huiita kazi. Mmoja ametandika kamkeka sakafuni anapanga mnara wa vipande kumi, kidogo kabisa sentimita moja, kikubwa sentimita kumi. Mwingine anapitisha vidole juu ya herufi zilizokatwa kwa msasa huku akitamka sauti ya herufi, siyo jina lake. Pembeni kuna shanga: moja peke yake, kumi zilizotungwa kwenye waya, mia zilizounganishwa zikawa mraba, elfu zilizobebana zikawa mchemraba. Mtoto anaibeba elfu kwa mikono miwili na kusikia uzito wake. Mimi elfu nilijua ni moja yenye sifuri tatu.

Kilichonishika zaidi ni silinda za mbao. Gogo lina matundu kumi na silinda kumi za kuingiza humo. Ukikosea moja, ya mwisho inakosa pa kukaa. Hakuna mtu anayesema "umekosa", gogo limeshasema. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyebuni vifaa hivi, alisimulia habari za mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi aliyerudia zoezi hilo zaidi ya mara 40 mfululizo, wenzake wakiimba na kumzunguka, yeye hana habari. Mwalimu wa darasa la mwanangu aliongea mara chache mno hata nikajiuliza analipwa kwa kazi gani, mpaka nilipoona daftari lake. Kila mtoto ana ukurasa: kaonyeshwa nini, karudia mara ngapi, kipi aonyeshwe wiki ijayo. Kwa hiyo wanaosema mtoto huachiwa tu afanye apendavyo, hapana. Huchagua kati ya vitu alivyokwisha kuonyeshwa, na kila kifaa kipo kimoja tu. Usipokipata, subiri zamu.

Msidhani nilitulia. Miezi minne mwanangu hakugusa herufi. Alikuwa anamimina maji kutoka jagi hili kwenda jagi lile. Huko nyumbani Tanzania mpwa wangu, aliyemzidi miezi miwili tu, amefanyiwa usaili wa kuingia chekechea (usaili, mtoto wa miaka minne!) na dada yangu ananitumia video: anasoma ukurasa mzima wa Kiingereza bila kukwama, mambo ya paka na mkeka. Nilipompata kwenye simu nikamwuliza kwa Kiswahili, "Huyo paka alikuwa amekaa wapi?" Akaurudia ukurasa wote kuanzia mwanzo.

Nilicheka, lakini wivu nao ulikuwepo. Jioni hiyohiyo nilichukua daftari nikamkalisha mwanangu mezani, a e i o u, mistari kumi. Akalia. Nikamkaripia kwa sauti ambayo haikuwa yangu, ilikuwa ya mwalimu wangu wa darasa la pili.

Sasa najua yanayokuja. "Kakaa nje miaka sita, ameanza dharau." "Si ni mfumo huohuo uliokufikisha Ulaya?" Ni kweli ulinifikisha. Nami nauliza, wale wengine 73 uliwafikisha wapi? Katika waliokuwa wakishika mkia na mimi kulikuwa na mvulana aliyekuwa anatengeneza magari ya waya yanayokata kona. Aliacha shule darasa la tano. Tulimwita kilaza mpaka na yeye akajiita hivyo.

"Wenzetu wana hela. Sisi mwalimu mmoja watoto 120." Hilo nalijua kuliko mnavyodhani, mimi ni mtoto wa mwalimu. Kwenye karatasi darasa la awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na sote tunajua karatasi inavyovumilia. Ila njia hii haikuzaliwa kwa matajiri. Ilianzia San Lorenzo, mtaa wa mafukara jijini Roma, tarehe 6 Januari 1907, chumba kimoja, watoto wapatao hamsini wa vibarua, wazazi wengi hawajui kusoma, na mlezi wao hakuwa hata mwalimu aliyesomea. Na huyo daktari aliunda herufi zake kwa lugha inayosomwa kama inavyoandikwa. Kuna lugha gani inayofaa zaidi kwa herufi za msasa kuliko Kiswahili? Badala yake tunawapeleka watoto wakaanze kusoma kwa Kiingereza, ambacho herufi zake hazina msimamo.

Tena si jambo geni kwetu. Masista wa Kikatoliki wamekuwa wakifundisha walimu wa Montessori Tanzania kwa miaka mingi, na wanafanya kazi safi. Tatizo ni kwamba jina lenyewe halina mlinzi, yeyote anaweza kuliandika getini. Mageti ya namna hiyo nimeyaona: nje Montessori, ndani jaribio kila Ijumaa na namba mpaka chekechea.

Niwaambie kuhusu vizibo. Mama yangu alikuwa na ndoo mbili za vizibo vya soda. Alivitoboa kwa msumari, akavitunga kumi kumi kwenye uzi, kumi za kumi akazifunga pamoja kuwa mia. Hakuwahi kusikia jina la Montessori. Watoto 90 walikaa chini kwa makundi, aliyeelewa akimwelekeza asiyeelewa, na walikuwa wanahesabu kweli. Nilipoziona zile shanga huku, bei yake kichwani, karibu nicheke kwa sauti. Kwa hiyo msiniambie tunakosa vifaa. Tulichokosa ni dakika. Kengele ikilia vizibo vinarudi kwenye ndoo, aliyefika kumi na aliyefika mia wote wanafunga, maana Ijumaa kuna mtihani na mtihani una namba.

Januari 2023, wakati wa matokeo ya kidato cha nne, NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, waliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora. Nakumbuka makelele, kana kwamba wamefuta mtihani wenyewe! Tulitaka wa kwanza wetu. Hata mimi nilimtaka, nisijifanye mtakatifu. Nilishaingia kwenye tovuti kutafuta mkoa wetu.

Na Waholanzi wasivimbe kichwa. Ule upole wote una mwisho. Mtoto akifika miaka 12 hivi wanamchuja, huyu njia ya ufundi, huyu ya chuo kikuu, na watoto wa wahamiaji wanajua uzito wa ushauri huo wa shule. Halafu kwenye PISA ya 2022, ule mtihani wa kimataifa wa vijana wa miaka 15, takriban theluthi moja ya vijana wao hawakufikia kiwango cha msingi cha kusoma. Shule nyingi hapa si za Montessori, sawa, lakini anayeniambia Ulaya wamemaliza kila kitu, nitamwonyesha takwimu hiyo.

Aibu yangu ya mwisho niimwage hapahapa. Siku ya kikao cha ripoti, wazazi wenzangu walipotoka, nilibaki nyuma nikamwuliza mwalimu kwa sauti ya chini: "Lakini kati yetu, yeye ni wa ngapi?" Alinitazama kama mtu ambaye hajasikia vizuri. "Wa ngapi katika nini?" Nikasema aniwie radhi, Kiholanzi changu bado kibovu.

Juzi mwanangu alitoa kwenye begi karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amepanga herufi za mbao, kisha akazinakili: "biebie". Yaani bibi. Sauti yetu ya i, Waholanzi huiandika ie. Hakuna aliyemtuma. Nikapiga picha, nikamtumia mama. Alikaa nayo siku nzima ndipo akapiga.

"Huyu kaandika mwenyewe, au umemshika mkono?"

"Mwenyewe, mama."

"Kakosea."

"Ndiyo, kakosea."

"Usimsahihishe kwanza. Mwache aizoee." Nikamsikia anavuta pumzi. Miaka thelathini na moja ya chaki imo kwenye pumzi hiyo. "Haya. Na hao wenzake, kuna mwingine aliyeandika jina la bibi yake, au ni yeye peke yake?"