Mtoto msumbufu kafundishwa, tena kafundishwa vizuri

Hivi kwa nini watu wakiongelea malezi lazima atokee mmoja aseme mtoto wake "hasikii"? Mimi naona anasikia sana tu, tena anajifunza haraka kuliko tunavyopenda, ila somo analolishika sio lile tulilodhani tunalitoa.

Chukua mtoto anayetaka simu. Unakataa. Anaomba tena, unakataa, anaanza kulia, anajitupa chini, wewe umechoka na kuna watu wanakuangalia, basi unampa ili anyamaze. Nani kafundishwa hapo? Wote wawili! Yeye kajua kulia sana kunaleta simu, na wewe umejua ukitoa simu makelele yanakatika, kwa hiyo kesho mtarudia. B. F. Skinner, yule mwanasaikolojia wa Marekani, alihubiri hilo miaka na miaka, kwamba tabia inashikiliwa na kile kinachofuata baada yake. Na Edward Thorndike, mwanasaikolojia mwingine wa huko huko, alishaandika kitu cha aina hiyo tangu 1898, kwa paka aliowafungia kwenye maboksi wahangaike wenyewe mpaka wapate namna ya kutoka.

Ila kinachonimaliza mimi ni hii ya zawadi za kubahatisha. Skinner alisimulia mwenyewe kwamba Jumamosi moja aliona vidonge vya chakula, vile panya wake walivyokuwa wanapewa wakibonyeza kijiti ndani ya boksi, vinakaribia kuisha, na kuvitengeneza ni kazi ya mkono inayokula muda, basi akaamua kubana, panya apate kidonge kimoja tu kwa dakika hata abonyeze mara ngapi. Ungedhani panya watakata tamaa. Wapi! Waliendelea kubonyeza. Na tafiti zikaja kuonyesha kwamba tabia iliyozoea kulipwa mara moja moja inachelewa kufa kuliko iliyozoea kulipwa kila mara, na kama hujui malipo yatatoka mara ya ngapi ndio hubanduki kabisa, mashine za kamari zinakula hela za watu kwa mtindo huo huo.

Sasa yule mzazi anayekataa siku nne ya tano analegea, anajiona mkali kumbe anamfundisha mtoto uvumilivu wa kulia. Najua wengi hamtakubali lakini kwangu mimi mzazi anayetoa simu kila akiombwa ana kazi nyepesi zaidi siku akiamua kuacha. Na ukiacha, wakati mwingine tabia inapanda kwanza kabla haijashuka, kilio kinakuwa kikali kuliko jana, na watu wengi wanalegea hapo hapo kileleni, yaani wamekilipa kile kilio kikubwa.

Halafu kuna wa "dawa ni fimbo". Hawa ningewapa jaribio la mwanasaikolojia Albert Bandura la 1965. Watoto walionyeshwa filamu ya mtu mzima akilipiga lile sanamu la plastiki, Bobo, wengine wakaona anapongezwa, wengine wakaona anaadhibiwa, wengine wakaona hafanywi chochote. Walioona adhabu waliiga kidogo, na ukiishia hapo unasema si ndio, adhabu imefanya kazi. Lakini watoto walipoahidiwa zawadi wakionyesha walichokiona, tofauti ikayeyuka! Walikuwa wamejifunza wote, waliotishwa walikuwa wamekaa nacho tu kichwani. Sasa fikiria mtoto anayechapwa kwa sababu kampiga mwenzake, amemwona mtu mkubwa akimaliza ugomvi kwa mkono, unadhani kabaki na nini?

Hapo ndipo naachana na Skinner kidogo, maana yeye hakutaka mawazo yahesabiwe kama chanzo cha tabia, na hawa watoto hawakulipwa chochote wakati wanaangalia lakini somo liliingia. Sio kwamba alikosea kwa panya, ila binadamu anaangalia sana, hasa akiwa mdogo.

Kwa hiyo mimi nasema hivi, kama unajua mwisho wa siku utampa tu, mpe alipoomba vizuri mara ya kwanza, kilio kisipate sifa. Na kama ni hapana basi kubalianeni watu wote wa nyumbani, maana akimpata mmoja tu anayelegea mara moja moja, ataendelea kubonyeza.