Fali ya Kikombe

Mara ya kwanza kusomewa kikombe nilikuwa Istanbul, sebuleni kwa mama wa rafiki yangu wa chuo. Kahawa ya Kituruki haichujwi. Unga wake, laini kama poda, huchemshwa pamoja na maji, na mashapo hubaki chini ya kikombe. Nilipomaliza akaniambia nikifunike kwa kisahani, nikizungushe, nikipindue, tungoje kipoe. Juu yake akaweka pete yake.

Wenyewe huita fal, yaani kutabiri yajayo. Nilicheka, maana sisi tuna fali, na sote tumeitoa kwa Waarabu. Akafunua, akatazama. Akaona ndege karibu na mkono wa kikombe: habari inakuja nyumbani. (Kwetu angeuliza kwanza kama ndege ni njema au mbaya.) Halafu samaki: kısmet, akasema, na hilo halikuhitaji mkalimani. Kisha akanyamaza, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mama yako umempigia simu lini?"

Zilikuwa zimepita wiki tatu. Hilo halikuwamo kwenye mashapo; aliliona usoni pangu tangu navua viatu mlangoni.

Wanaosema huu ni ushirikina sigombani nao. Hata sheria ya Uturuki ya 1925, iliyofunga majumba ya masufii, ilipiga marufuku utabiri. Waturuki nao wana usemi wao: usiamini fali, lakini usikae bila fali. Kinachonikera mimi ni hizi programu za simu. Unapiga picha kikombe chako, unalipa, unaletewa maneno na asiyekujua wala kukuona. Sasa hiyo ni nini? Afadhali hata wasomaji wa kulipwa kwenye migahawa ya mtaa wa Beyoğlu, Istanbul, angalau wanakukodolea macho. Kikombe ni kisingizio tu cha kumuuliza mtu jambo ambalo ukimuuliza kavukavu atakwambia "salama".

Kwenye baraza zetu kahawa humiminwa kutoka kwenye dele, mashapo yakabaki humo humo. Kikombe ni mafunda matatu, kinasuuzwa, anapewa mwingine. Hakuna cha kusoma. Ila ukae siku mbili bila kuonekana, uone kama wazee hawatakusoma.

Usiku uleule nilimpigia mama. Nikamweleza habari ya kikombe. Akasema astaghfirullah, akanionya nisirudie mambo hayo. Kisha akashusha sauti:

"Na kilisema nini kingine?"