Haki za binadamu kwa bando la mwalimu

Mwalimu wa Uraia na Maadili aliyeko Kibondo au Tandahimba hana tena sababu ya kungoja semina ndipo ajifunze kufundisha haki za binadamu. Akiwa na simu na bando anaweza kusoma kozi za mashirika kama HREA, shirika la kimataifa la elimu ya haki za binadamu lililoanzishwa 1996 na ambalo ni miongoni mwa yaliyotangulia kufundisha eneo hili kwa intaneti. Hapa nyumbani, Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina mfumo wa kielektroniki chini ya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini. Kuna wanaoona hii ni neema. Kuna wanaosema utu wa mtu haufundishiki kwa kioo cha simu.

Hao wa pili si wa kupuuzwa. Tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu elimu ya haki za binadamu, lililopitishwa Desemba 2011, linataka mambo matatu: watu wazijue haki, wafundishwe kwa njia inayoheshimu haki za mwalimu na za mwanafunzi, na wawezeshwe kuzitumia na kuzitetea. La kwanza simu inaliweza vizuri. Ibara ya 12 hadi 29 za Katiba, Sheria ya Mtoto ya 2009, Mkataba wa Haki za Mtoto ambao Tanzania iliuridhia 1991, vyote vinasomeka usiku baada ya kusahihisha madaftari. La pili ndilo gumu, kwa sababu linaonekana katika sauti na mkono wa mwalimu: anamjibuje mtoto aliyekosea hesabu, anamfanyaje aliyechelewa. Jaribio la kuchagua jibu sahihi haliyaoni hayo. Na tusidanganyane, majibu ya jaribio husambaa kwenye kundi la WhatsApp kabla hakujakucha.

Lakini semina ya hotelini inayaona? Mwalimu anatolewa shuleni, anakaa siku chache kwenye kiyoyozi, anaandika kwenye bango kitita pamoja na wenzake wa kundi, anapokea posho na cheti, anarudi. Darasa lake lenye watoto mia na ushee halikuwepo ukumbini. Mara nyingi anayeteuliwa kwenda ni yuleyule aliyekwenda mwaka jana, na mwalimu mwenye mtoto anayenyonya hubaki. Nadhani sehemu ya upinzani dhidi ya mafunzo ya masafa, yaani haya ya mbali kwa simu, ni posho tu, ingawa hakuna atakayesimama kwenye kikao aseme hivyo.

Tena kwetu jambo hili si geni. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi ilipoamua kila mtoto aende shule, vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha. Waliomaliza darasa la saba waliingizwa darasani wakifundisha huku wakijifunza, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na usimamizi wa karibu. Zaidi ya 40,000 waliandaliwa kwa njia hiyo. Jina "mwalimu wa UPE", yaani wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, liligeuka kuwa kejeli mitaani, na kweli mapungufu yalikuwepo, lakini kizazi kizima kilijua kusoma na kuandika kupitia kwao. Muundo wenyewe ndio ninaoutaka: mwanafunzi wa ualimu alikuwa na darasa mbele yake wakati wote, na kulikuwa na mtu wa kuja kumtazama. Kozi nyingi za leo zimebakiza la kwanza na kulisahau la pili.

Chukua fimbo, maana mjadala wa haki shuleni Tanzania hauwezi kuikwepa. Kanuni za 2002 chini ya Sheria ya Elimu zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, kwa kosa kubwa, na viandikwe kwenye kitabu maalumu. Sasa tuma zoezi hili kwa simu: fungua kitabu cha adhabu cha shule yako, hesabu viboko vilivyoandikwa wiki hii, kisha linganisha na ulivyoviona mstarini asubuhi na ulivyovisikia darasa la jirani. Nani aliidhinishwa? Kukosea kuzidisha ni kosa kubwa? Zoezi la namna hiyo haliwezekani hotelini. Linawezekana kwa sababu tu mwalimu yuko shuleni kwake, na hapo umbali ambao wengi wanauona udhaifu unakuwa ndiyo faida.

Hatari inaanza anapomaliza kuhesabu. Mwalimu mmoja aliyeamua kuweka fimbo chini, katikati ya wenzake kumi wasioiweka, huonekana mlegevu, watoto humjaribu, na wazazi wengine humuuliza kwa nini hachapi. Mwaka 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi mjini Bukoba alifariki baada ya kuchapwa na mwalimu. Nchi ilishtuka, lakini kanuni zikabaki. Na sheria peke yake haitoshi. Kenya iliondoa viboko shuleni 2001, na Katiba yake ya 2010 inamlinda mtoto dhidi ya ukatili, lakini habari za wanafunzi kujeruhiwa kwa kuchapwa hazijakoma. Mwalimu anayebadilika peke yake kupitia simu anahitaji watu karibu yake. Semina angalau ilimpa siku chache za kujua kwamba hayuko peke yake.

Yapo na mengine. Kozi nyingi za kimataifa huandikwa kwanza kwa Kiingereza, ilhali mwalimu huyu wa msingi anafundisha kwa Kiswahili. Bando analinunua kwa mshahara wake, na hapo swali la walimu, "na haki zetu je?", linakuwa la msingi kabisa, tamko lenyewe linamtaja mwalimu pia. Halafu kuna ushahidi wa mazoezi: mwalimu anapiga picha ya darasa, sura za watoto zinaonekana wazi, anaituma kwenye kundi la watu mia mbili wasiojuana, chini yake maelezo kwamba huyu wa mbele ni binti aliyejifungua na kurudi shuleni baada ya serikali kuruhusu Novemba 2021. Kozi ya haki za mtoto imeshamvunjia mtoto faragha, na mwezeshaji anajibu kwa kidole gumba.

Kwa hiyo mimi niko upande wa masafa, kwa masharti. MEWAKA tayari ina jumuiya za ujifunzaji, ambamo walimu wa shule moja hukutana kujadili ufundishaji wao. Somo lipitie simu, lakini zoezi lijadiliwe humo, mkuu wa shule akiwemo kama mshiriki mwenye mazoezi yake mwenyewe. Bando lilipwe na mwenye kozi. Picha za watoto zipigwe marufuku tangu siku ya kwanza. Cheti kitoke baada ya mtu kukaa nyuma ya darasa na kutazama kipindi kizima. Maafisa elimu kata walishapewa pikipiki kwa kazi ya kufika shuleni, ingawa nao wengi wamekulia kwenye fimbo ileile, na sijaona kozi ya masafa iliyoanza na wao.