Snow White, dukani na kabatini

Tarehe 21 Desemba 1937, Snow White, katuni ndefu ya kwanza ya Walt Disney, ilipozinduliwa katika ukumbi wa Carthay Circle, Los Angeles, bidhaa zake zilishakuwa tayari. Kulikuwa na wanasesere, leso, vikombe, hata sabuni za sura ya mbilikimo ambazo ukizitumia uso unayeyuka. Kay Kamen, aliyesimamia leseni za Disney tangu 1932, hakusubiri kwanza watu wampende Snow White ndipo amuuze. Mapema 1938 nyimbo za filamu zikatoka kwenye santuri, zilezile zilizosikika ukumbini, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati huo.

Naanzia huko kwa sababu ya lalamiko ninalolisikia kila ninapotaja filamu hii: ati ilikuwa kazi safi ya sanaa, kisha wafanyabiashara wakaja kuivamia kwa midoli. Wakati huo wa usafi haukuwahi kuwapo. Filamu na duka ni mapacha.

Tazama mbilikimo saba wenyewe. Ndugu Grimm walipoichapisha hadithi hii mwaka 1812 hawakuwapa majina. Jukwaa la Broadway lilijaribu kuwabatiza mwaka 1912, lakini haya majina tunayoyajua ni ya filamu: mmoja mwenye hasira, mmoja wa usingizi, mmoja wa chafya, mmoja asiyesema kabisa. Kisanii ilibidi iwe hivyo, maana bila tofauti hizo ungekuwa na kundi la wazee wafupi wenye ndevu wanaopita na kurudi. Lakini kinachomfanya mhusika atambulike kwenye skrini kwa sekunde mbili ndicho hichohicho kinachomfanya atambulike kwenye rafu ya duka. Na mtoto mwenye wanne hatulii hadi wapatikane watatu waliobaki. Sidhani kama kuna aliyekaa mezani akapanga hivyo. Lakini huwezi kuchora mpaka ukasema sanaa imeishia hapa, biashara imeanzia pale.

Kwa hiyo midoli siilaumu. Ninapokwama ni kwenye hesabu ya nani alikula. Adriana Caselotti, msichana aliyempa Snow White sauti, alilipwa dola 970 kwa kazi yote. Mwaka 1938 alikwenda mahakamani kudai fungu katika santuri zilizobeba sauti yake, akashindwa. Sauti hiyo imeendelea kuuzwa kwenye kila kanda na kila diski iliyofuata. Atakayesema mkataba ni mkataba hajakosea, mwaka 1937 hakuna aliyejua kwamba siku moja filamu itauzwa kwa mamilioni majumbani. Ila Peggy Lee, aliyeimba katika katuni nyingine ya Disney ya mwaka 1955, alikuwa na kifungu kimoja kwenye mkataba kilichozuia nakala kuuziwa umma, na mwaka 1991 mahakama ikampa dola milioni 2.3 kwa sababu ya kanda za video. Kifungu kimoja tu!

Sura ya pili ya duka ilifunguka karibu na mwaka 2000. Andy Mooney, bosi mpya wa bidhaa za Disney, alikwenda kwenye onyesho la barafuni huko Phoenix akakuta wasichana wadogo wamevaa magauni ya kifalme yaliyoshonwa nyumbani. Wateja walikuwa wameshajivika. Kampuni ndiyo iliyochelewa. Snow White akawekwa kundi moja na mabinti wa kifalme wengine, na mauzo ya bidhaa hizo yakatoka dola milioni 300 mwaka 2001 hadi bilioni 3 mwaka 2006. Ukiangalia zile picha za pamoja za mwanzo, hakuna binti anayemtazama mwenzake. Kila mmoja macho yake yanakwenda upande wake, kama abiria wa daladala wasiofahamiana. Ndivyo ilivyoagizwa, ili kila mmoja abaki na hadithi yake.

Hapo lalamiko linapata nguvu. Kilichobaki ni gauni la manjano na utepe kichwani. Msitu wenye macho haupo, Malkia anayejigeuza kibibi hayupo, hofu yote imeachwa nyuma. Kariakoo utampata kwenye begi la shule, tena begi ambalo nina shaka kama lina leseni ya mtu yeyote, na mtoto anayelibeba hajawahi kuiona filamu. Sijui kama ameibiwa kitu. Anampenda anavyomjua.

Video ni shauri jingine, na hapo ndipo nina ugomvi. Kwa miongo mingi Disney waliirudisha filamu hii sinema kila baada ya miaka kadhaa: 1944, 1952, 1958, 1967, 1975, 1983, 1987, 1993. Kila kizazi cha watoto kiliiona mpya, gizani, pamoja na wenzao. Mimi nauona ule kuwa mpango mzuri. Tatizo lilianza pale mantiki ya ukumbi ilipohamishiwa kabatini. Kanda ilitoka Oktoba 1994, zikauzwa zaidi ya nakala milioni 20, kisha ikaondolewa sokoni. DVD ikaja 2001, nayo ikafichwa. Blu-ray 2009. Kampuni ilikuwa na neno lake kwa hilo, ghala, na matangazo yaliwahimiza wazazi wawahi kabla mlango haujafungwa. Sinema ikiondoa filamu, ukumbi unahitaji nafasi. Diski inapoondolewa dukani, nafasi ya nini?

Ila mpango huo nao ulikuwa na faida yake, nikiri. Mwaka 1993 Snow White ilikuwa filamu nzima ya kwanza kuingizwa kwenye kompyuta, kusafishwa vumbi na mikwaruzo, kisha kurudishwa kwenye ukanda. Kazi ya namna ile hailipiwi na mtu asiyetarajia mauzo. Mara ya kwanza niliiona kwenye mkanda wa kunakiliwa, kwa deki ya shangazi, wekundu wa midomo ya Snow White umemwagika hadi kidevuni kama aliyekunywa Vimto kwa pupa. Miaka mingi baadaye nikaona nakala iliyosafishwa, nikagundua mashavu yake yana wekundu hafifu, ambao wanawake wa idara ya wino na rangi walimpaka kwa mkono kwenye plastiki angavu, picha baada ya picha. Nisingejua. Shangazi naye alidhani ule wekundu ndio mtindo wa wakati huo.

Lakini usafi nao huzidi. Blu-ray ya Cinderella ya mwaka 2012 ilifutwa chembechembe za filamu, vile vinukta vya ukanda vinavyoonekana kwenye picha, kwa bidii kubwa hadi mistari myembamba ya mchoro, mikunjo ya gauni na nyuzi za nywele, ikaondoka nazo. Ilichukua hadi 2023 kutoka toleo lililorudisha mistari hiyo, mwaka uleule Snow White nayo ilipopata toleo jipya la 4K, yaani diski yenye picha kali zaidi. Kwa hiyo anayekuambia tupa la zamani nunua jipya, mwulize kwanza jipya limefutwa nini.

Kutunza la zamani ni tofauti na kuwaamini wale wanaotangaza mtandaoni lile sanduku jeupe la plastiki la 1994, linalofunguka kama kitabu, kwa maelfu ya dola. Kitu kilichotoka kwa mamilioni hakiwezi kuwa adimu. Bei inayotajwa si bei inayolipwa.

Disney+, huduma ya kampuni ya kutazama filamu mtandaoni, ilipoanza Novemba 2019 ghala likapoteza maana. Kwa aliye na huduma hiyo Snow White yuko pale usiku na mchana. Wengi waliona ugomvi umekwisha. Mei 2023 huduma hiyohiyo ikaondoa makumi ya vipindi na filamu zake yenyewe, na mwaka uliofuata shughuli ya diski Amerika Kaskazini ikakabidhiwa Sony. Snow White hakuguswa, na sidhani ataguswa. Ila zamani mlango ulipofungwa, aliyeshanunua alibaki na chake.

Hakimiliki ya filamu hii Marekani inakwisha tarehe 1 Januari 2033. Siku hiyo yeyote ataruhusiwa kuinakili na kuiuza. Sheria haimlazimishi mwenye nakala bora kufungua ghala lake, kwa hiyo wengi watanakili kutoka kwenye kilichomo majumbani: diski ya 2001, ya 2009, ya 2023, na pale zote zilipokosekana, ile kanda ya sanduku jeupe isiyouzika.